Gia ya Pili

Tuliitoa kwenye mibono ilikokuwa imezama hadi madirishani,
Mbusa na mimi na kamba ya kufungia ng'ombe,
mwezi wa pili, kabla mvua haijashuka kutoka Kilembe.
Kuku alikuwa ametaga chini ya usukani.
Mayai saba. Mama aliyahesabu, akayatia kwenye sahani,
hakuuliza tunakwenda wapi na lile gofu.

Pijo 404, pikapu, ya mwaka asioukumbuka mtu:
kadi yake ililiwa na mchwa, ikabaki tarakimu moja tu, sita.
Jirani yetu Nzirambi akasema mkweche huo niwape wanunuzi wa vyuma,
wanapima kwa kilo, wanalipa papo hapo.
Nikamwambia nimesikia. Nikaingia uvunguni na spana.

Mbusa alianza na sakafu ya nyuma.
Aliigonga kwa tindo mara moja, ikammeza mkono hadi kiwiko.
"Hii haikushika kutu," akasema, "hii imeliwa."
Akalamba kidole. Akacheka. Akaniambia nami nilambe.
Miaka kumi na minane ya jua na mvua
na bado chuma kilikuwa na ladha ya Katwe.

Chumvi. Magunia ya chumvi ya mawe, yakichuruzika njia nzima
kutoka ziwani hadi soko la Bwera, kila Jumanne, kila Ijumaa.
Ng'ombe wa watu walilamba, sisi tukasoma.
Kila muhula ulitoboa tundu lake:
hili pana kama sahani ni kidato cha nne cha kaka yangu Thembo,
lile refu karibu na taa ni mimi, chuo cha ualimu,
na hili dogo sijui, pengine viatu.
Mbusa akauliza kama akate yote, aweke bati jipya.
Nikakaa juu ya tairi, nikafikiri kuliko ilivyohitajika.
"Kata," nikasema. "Lakini vipande usitupe."

Kabureta ilikuja kutoka Kisekka kwa basi la usiku,
imeviringishwa gazeti, mikononi mwa kondakta aliyedai soda.
Rejeta tuliiziba. Klachi ilitushinda wiki mbili,
ya tatu ikachoka yenyewe.
Tulipopiga msasa, chini ya bluu kulikuwa na nyeupe,
chini ya nyeupe, kijani cha chama cha wakulima wa pamba
na herufi nne zilizokataa kufutika.
Mbusa alizisugua hadi jioni. Nikamwambia aziache, zimekaa muda mrefu kuliko sisi.

Jumapili, baada ya misa, ikawaka.
Kwanza ilikohoa kama mtu aombaye nafasi ya kusema msibani,
kisha moshi, kisha ile sauti.
Mama akatoka jikoni, mwiko mkononi, ugali wa muhogo umeung'ang'ania.
Akasimama. Akainamisha kichwa upande mmoja.
"Ithungu, gia ya pili inaruka.
Usiilazimishe. Ishike katikati kidogo, vuta pumzi, ndipo uisukume."

Mbusa akanitazama. Mimi nikamtazama Mama,
ambaye maisha yangu yote nilimwona upande wa abiria,
kitambaa kichwani, mikono juu ya mapaja.
"Umejuaje?"
Akakwangua mwiko kwa kidole.
"Baba yenu aliugua. Chumvi haikuugua."
Na baadaye, kana kwamba anazungumza na boneti:
"Natoka saa tisa usiku na koti lake na kofia yake.
Askari wa kizuizini wananiita mzee, wananipisha.
Nyinyi mmelala."

Nilishuka, nikaacha mlango wazi, injini inanguruma.
Alikitazama kiti kile kipya, sponji yake, uzi wake mwekundu.
"Na kuku wangu atataga wapi sasa?"
Akanikabidhi mwiko.
"Nenda kaangalie, ugali unaungua," akasema,
lakini mguu wake mmoja ulikuwa tayari ndani.